Nani Alikuwa Pwani? Nahau za Kihispania na Visawe vyake vya Kiingereza

Mnamzungumzia mtu, mara huyo hapo mlangoni. Sisi tutamwambia, "Wewe una maisha marefu, sasa hivi tulikuwa tunakutaja." Mwingereza atasema "speak of the devil", yaani ukimtaja shetani. Mhispania atasema "hablando del rey de Roma", tulikuwa tukimsema mfalme wa Roma. Tukio ni lile lile na mlango ni ule ule, ila kwetu aliyeingia ni mtu wa kutabiriwa umri mrefu, kwa Mwingereza ni ibilisi, kwa Mhispania ni mfalme. Na huyo mfalme naye alikuja baadaye. Wahispania wa zamani walisema "ruin", mtu mwovu wa Roma. Neno likapita midomo mingi hadi "ruin" ikawa "rey", na mwovu akavishwa taji.

Anayejifunza Kihispania hachelewi kukutana na orodha ya namna hii. Huwa na safu mbili: kushoto nahau ya Kihispania, kulia kisawe chake cha Kiingereza. Unakariri, unafunga daftari, unaendelea na maisha. Kwetu sisi orodha hizo zina uzito zaidi, kwa sababu wengi wetu tunaingia kwenye lugha za Ulaya kwa mlango mmoja tu, Kiingereza. Hata tukitaka kujua Mhispania anasemaje, tunamuuliza kwanza Mwingereza.

Nimezipenda sana orodha hizi, na nimezitilia shaka pia. Kazi yangu ni uandishi wa habari. Habari za nje zinanifikia kwa Kiingereza, saa inakimbia, na kila siku natafuta kisawe ili gazeti litoke. Kwa hiyo najua faida yake. Lakini kadiri nilivyosoma historia ya misemo ya Kihispania ndivyo nilivyoona kwamba kisawe hukupa maana kwa mkono mmoja na kukunyang'anya historia kwa mkono wa pili. Mara nyingi hasara ni ndogo tu. Mwingereza akifa "anapiga teke ndoo", Mhispania "ananyoosha mguu", na sisi tunasema fulani amekata kamba. Marehemu ni yule yule, hakuna wa kudai fidia. Lakini zipo nahau ambazo ndani yake mmelala mgodi, meli zilizozama, watu waliotekwa, na wakati mwingine mtu mweusi. Hizo ndizo ninazotaka tuzitazame.

Kamusi zilizozaliwa vitani

Wahispania walianza mapema kuandika misemo yao. Mwaka 1508, mjini Seville, kilichapishwa kitabu kidogo chenye methali zaidi ya 700 zilizopangwa kwa alfabeti. Kinahusishwa na Íñigo López de Mendoza, Markizi wa Santillana, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki miaka 50 nyuma. Jina la kitabu lilitaja wazi chanzo cha methali hizo: vikongwe, wakiota moto. Mtu yeyote aliyelelewa na bibi anaelewa.

Karne moja baadaye akaja Gonzalo Correas, mwalimu wa Kigiriki na Kiebrania katika Chuo Kikuu cha Salamanca. Mwaka 1627 alikuwa amekusanya maelfu kwa maelfu ya methali na nahau. Husimuliwa kwamba siku za gulio alikuwa akikaa kwenye daraja la mto Tormes, na kila mwanakijiji aliyemletea methali asiyoijua alilipwa sarafu. Iwe kweli au chumvi, mkusanyo wenyewe ni mkubwa ajabu. Ulibaki mswada hadi mwaka 1906, Chuo cha Lugha cha Hispania kilipouchapisha.

Waingereza nao walianza kukitafuta Kihispania kwa bidii katikati ya vita. Kuanzia 1585 hadi 1604 nchi hizo mbili zilikuwa zikipigana, na katikati yake, mwaka 1588, Hispania ikatuma kundi lake maarufu la meli kwenda kuivamia Uingereza, likashindwa. Miaka mitatu tu baadaye, 1591, Richard Perceval akachapisha London kitabu cha sarufi na kamusi ya Kihispania. Mwaka 1599 John Minsheu akakipanua, akatia na misemo na methali zenye maelezo. Mwaka 1659 James Howell, mtu aliyewahi kuishi Madrid, akatoa mkusanyo wa methali za Kiingereza, Kifaransa, Kiitaliano, Kihispania na Kiwelisi. Kumbe orodha yetu ya safu mbili ina mababu!

Na mababu hao walikuwa na haraka. Mfanyabiashara, balozi, baharia na jasusi, wote walitaka kitu kimoja: jirani hasimu anasema nini, nami nimjibuje? Kwa mahitaji hayo kisawe kinatosha kabisa. Nani ana muda wa kuuliza nahau ilitoka wapi wakati merikebu inasubiri upepo?

Mayai yaliyogeuka pudini

Kitabu kilicholeta mtihani mkubwa zaidi wa kutafsiri misemo ya Kihispania ni *Don Quijote* cha Miguel de Cervantes, sehemu ya kwanza 1605, ya pili 1615. Mtihani wenyewe una jina: Sancho Panza. Sancho ni mkulima asiyejua kusoma, anayepanda punda nyuma ya bwana wake mwenye wazimu, na hafungui kinywa bila methali. Akianza moja, zinafuatana tatu, nne, nyingine hazihusiani hata na mazungumzo. Bwana wake anakereka, anamkataza, na katika kumkataza naye anatumbukiza methali.

Mfasiri wa kwanza wa Kiingereza alikuwa Thomas Shelton, Mkatoliki kutoka Ireland. Sehemu ya kwanza ya tafsiri hiyo ilitoka 1612, na mwenyewe alisema aliifanya kwa siku 40. Kasi hiyo inaonekana. Shelton alifuata Kihispania neno kwa neno, na pale neno la Kihispania lilipofanana kwa sura na la Kiingereza, mara nyingi alilichukua hilo hilo. "Sucesos", maana yake matukio, yakawa "success", mafanikio. Wakosoaji wamemcheka kwa hilo tangu zamani.

Lakini mtindo huo huo wa kung'ang'ania maneno ulizaa matunda. Katika sehemu ya pili, ambayo tafsiri yake ilitoka 1620, Don Quijote anamkaripia Sancho kwa kumimina methali, huku yeye mwenyewe ametoka kutoa ya kwake. Sancho anamjibu kwa msemo kuhusu kikaango kilichoiambia sufuria ijitenge nacho, eti ni nyeusi. Tafsiri ikakiacha kikaango na sufuria kama vilivyo, na weusi wao wa masizi. Leo kila mwanafunzi wa Kiingereza anajua msemo wa chungu kinachoisema birika kuwa ni nyeusi, na wanaotafuta chimbuko lake katika maandishi ya Kiingereza hurudi kwenye ukurasa huo. Sisi hapa tunasema nyani haoni kundule. Mhispania mwenyewe bado anasimulia kikaango kinachomwambia mwenzake asogee asije akamchafua. Kwa mara moja lugha mbili ziliazimana chombo kizima, bila kukibadilisha.

Sasa linganisha na yaliyotokea mwaka 1700. Mwaka huo ilianza kutoka tafsiri mpya iliyosimamiwa na Peter Motteux, Mfaransa wa Kiprotestanti aliyekimbilia London baada ya mfalme wa Ufaransa kufuta uhuru wa dini mwaka 1685. Motteux hakuwa mtu wa neno kwa neno. Alitaka Sancho achekeshe wasomaji wa London, na wakosoaji wa baadaye, akiwemo mfasiri John Ormsby wa mwaka 1885, walilalamika kwamba alimgeuza mkulima wa La Mancha kuwa mcheshi wa mitaa ya London.

Mfano unaonivutia ni huu. Don Quijote, usingizini, amepigana na viriba vya mvinyo vya mwenye nyumba ya wageni, akidhani anakata vichwa vya majitu. Sancho anamwambia kwamba ukweli atauona mayai yatakapokaangwa. Yaani bili ikija ndipo utajua ulikata nini. Motteux akaona mayai hayafai. Akaweka methali ya Kiingereza iliyokuwa ikitumika tayari: ubora wa pudini huthibitika kwa kuliwa.

Maana ipo? Ipo, tena barabara. Tatizo ni kwamba wafafanuzi wa Kihispania husimulia kisa nyuma ya yale mayai. Muuza mkaa alikwiba kikaango katika nyumba aliyokuwa akipeleka mkaa. Akiwa anatoka, mwenye nyumba akamuuliza amebeba nini. Akajibu: utajua wakati wa kukaanga mayai. Kwa hiyo msemo wa Sancho una mwizi ndani yake, una mama wa nyumbani atakayetafuta kikaango jioni na asikione, na una kejeli ya mtu maskini anayemtania mwenye jiko. Pudini haina mwizi. Pudini ni onjo tu.

Na mzaha wa historia haukuishia hapo. Kwa kuwa tafsiri ya Motteux ilisomwa sana, vitabu vya nukuu vya Kiingereza vilianza kuandika kwamba maneno ya pudini ni ya Cervantes. Mpaka leo utakutana nayo, na jina la Cervantes chini yake. Mtu aliyeandika mayai anasifiwa kwa pudini ambayo hakuiandika. Kisawe kimemla mwenyewe.

Mlima, mkuki na kisiwa

Hadi hapa tumo jikoni, tunaweza kucheka. Tukitoka nje mambo yanabadilika.

Mhispania akitaka kusema kitu kina thamani kubwa mno husema "vale un Potosí", kina thamani ya Potosí. Orodha za visawe zinaandika: thamani ya uzito wake kwa dhahabu. Dhahabu gani sasa? Potosí ni fedha, na ni mahali. Ni mji ulioko katika Bolivia ya leo, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima ambao Wahispania walianza kuuchimba mwaka 1545. Katika miaka ya 1570 mwakilishi wa mfalme, Francisco de Toledo, aliweka utaratibu wa kazi ya lazima ulioitwa mita: vijiji vya wenyeji vilitakiwa kutoa wanaume wapatao 13,000 kila mwaka kwenda kuchimba na kusaga mawe ya fedha. Wengi hawakurudi. Waafrika waliofanywa watumwa nao walipelekwa, wakafanya kazi hasa katika kiwanda cha kugonga sarafu. Cervantes aliandika wakati fedha hiyo ikiingia Seville kwa meli, na Don Quijote anaitaja migodi ya Potosí kama kipimo cha juu kabisa cha utajiri. Nahau imebeba mlima mzima. Kisawe cha Kiingereza kinakupa mizani safi ya sonara.

Kisha kuna "poner una pica en Flandes", kusimika mkuki Flandes, maana yake kufanikisha jambo gumu kupita kiasi. Waholanzi na majirani zao walipoasi utawala wa Hispania, vita viliendelea, pamoja na kusimama, kutoka 1568 hadi 1648. Bahari ilikuwa ya hatari, hivyo askari walipita nchi kavu: meli hadi Italia, halafu kwa miguu kutoka upande wa Milan, kuvuka milima, hadi katika Ubelgiji ya leo, mwendo wa kilomita kama 1,000. Kumfikisha huko mtu mmoja mwenye mkuki wake, akiwa hai na amelipwa, kulikuwa kazi kweli. Tafuta kisawe cha Kiingereza utapewa maneno ya kawaida kuhusu kufanikiwa. Gharama imefutwa, na gharama ndiyo ilikuwa nahau yenyewe.

Ninayoipenda zaidi katika kundi hili ni "más se perdió en Cuba", Cuba kulipotea zaidi. Mtu amevunja sahani, timu imefungwa, umekosa basi: tulia, Cuba kulipotea zaidi. Ni kumbukumbu ya mwaka 1898. Julai 3 mwaka huo kikosi cha meli za Admirali Cervera kilijaribu kutoka bandari ya Santiago de Cuba na kikaangamizwa na Wamarekani kwa saa chache tu. Kufikia mwisho wa mwaka Hispania ilikuwa imepoteza Cuba, Puerto Rico, Guam na Ufilipino. Maelfu ya vijana waliopelekwa Cuba walikufa, wengi zaidi kwa homa na maradhi kuliko kwa risasi. Wahispania waliuita mwaka huo "Janga", bila haja ya kueleza janga lipi.

Kisawe cha Kiingereza ni hiki: mambo mabaya zaidi hutokea baharini. Ona jinsi mataifa mawili yanavyoliwazana. Mwingereza anakumbuka bahari kwa ujumla, hatari ya kazi aliyoichagua. Mhispania anakumbuka bahari moja, siku moja, na himaya iliyozama. Sisi tungesema heri nusu shari kuliko shari kamili, tukamaliza bila kutaja bahari wala mwaka. Lakini mtu aliyesoma kisawe cha Kiingereza peke yake anaweza kuishi Madrid miaka kumi bila kujua kwamba kila sahani inapovunjika, watu wanaitaja himaya yao iliyokufa, tena kwa tabasamu.

Kuna Wamoro pwani

Nimeichelewesha hii makusudi. "Hay moros en la costa", kuna Wamoro pwani. Husemwa pale anapokuwepo mtu asiyetakiwa kusikia: watoto sebuleni, bosi karibu na dirisha. Ukikanusha, "no hay moros en la costa", hakuna Wamoro pwani, basi ruksa, semeni. Kisawe cha Kiingereza hakijawahi kukosekana katika orodha: "the coast is clear", pwani ni shwari.

Ni kisawe kizuri sana, pengine bora kuliko vyote, kwa sababu hata pwani imebaki. Kilichopungua ni mtu mmoja tu. Mmoro.

Kwa Wahispania wa karne ya 16 Mmoro pwani hakuwa mfano wa maneno. Meli za maharamia wa Afrika Kaskazini zilikuja kwenye fukwe za Valencia, Murcia na Andalusia, zikabeba watu kwenda kuwauza au kudai fidia. Ndiyo maana fukwe hizo zilijengwa minara ya ulinzi, na mingi ingalipo. Mlinzi akiona tanga geni aliwasha moto, mnara wa pili ukajibu, na kijiji kikakimbilia ndani. Cervantes mwenyewe alitekwa Septemba 1575 akirudi kutoka Italia pamoja na ndugu yake Rodrigo. Alikaa mfungwa Algiers miaka mitano, akajaribu kutoroka mara nne, hadi mapadri wa shirika la Utatu walipomkomboa mwaka 1580 kwa escudo 500.

Hapo msomaji anaweza kusema, basi nahau ni ya haki, walikuwa wakiogopa kitu cha kweli. Sawa. Lakini hofu ina pande mbili. Wamoro walikuwa wameishi Hispania karibu miaka 800. Granada, dola yao ya mwisho, ilianguka 1492. Vizazi vyao vilivyobaki vililazimishwa kubatizwa, kisha kati ya 1609 na 1614 watu wapatao 300,000 walifukuzwa nchini. Miongoni mwa waliokuwa ndani ya meli zile za maharamia walikuwamo wana wa Hispania hiyo hiyo, waliozijua fukwe kwa sababu walizaliwa hapo. Nahau inamtaja Mmoro kama mgeni anayevamia. Haisemi kwamba wapo waliokuwa wakirudi kwao.

Nayo nahau nyingine inakamilisha picha. "Sangre azul", damu ya bluu, ni msemo wa Kihispania ambao Waingereza waliutafsiri kama ulivyo, wakautumia kwa watu wa nasaba ya kifalme. Kwa Kiingereza cha leo damu ya bluu ni majumba makubwa na farasi. Kwa familia za Castile zilizoanza kujisifu nayo, maana yake ilikuwa kwamba ngozi yao ni nyeupe kiasi cha mishipa kuonekana bluu, hivyo hawakuchanganyika na Wamoro wala Wayahudi. Nyuma yake kulikuwa na sheria za "usafi wa damu", ambazo mfano wake wa mapema ulitolewa Toledo mwaka 1449. Maneno yamevuka mpaka yakiwa mazima, sumu ikabaki nyuma. Kwa hiyo hata tafsiri ya neno kwa neno si dawa ya kila kitu.

Sasa kwa nini Mmoro anigonge mimi, mtu wa Afrika Mashariki? Kwa sababu naye ni wa kwetu. Vasco da Gama na watu wake walipofika pwani yetu mwaka 1498, waliwaandika Waislamu wa miji ya Waswahili kwa neno lile lile la rasi ya Iberia, kwa Kireno "mouros". Watu wa Kilwa, Mombasa na Malindi, wenye lugha yao, misikiti yao ya matumbawe na biashara yao ya miaka mingi, wakawa Wamoro. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na kuipora na kuichoma Mombasa. Na Ngome ya Yesu pale Mombasa ilipoanza kujengwa mwaka 1593, Mreno alikuwa chini ya mfalme mmoja na Mhispania, Felipe wa Pili, yule yule ambaye Cervantes alimpigania kama askari.

Kwa hiyo isome tena nahau ile ukiwa umesimama Mombasa. Kulikuwa na Wamoro pwani, ni kweli kabisa. Walikuwa kwao. Tanga geni lilikuwa la upande wa pili.

Kazi ya nani?

Imebaki moja, na haihitaji minara. "Trabajar como un negro", kufanya kazi kama mtu mweusi. Maana: kujitesa kwa kazi. Visawe vya Kiingereza vinavyotolewa ni kufanya kazi kama mbwa, au kama farasi. Sisi tunasema nimefanya kazi kama punda.

Hapa kisawe kimekuwa na adabu kuliko asili, na nakiri kwamba kwa mazungumzo ya leo ni afadhali mbwa. Hispania yenyewe wapo wengi wasiotaka tena kuutumia msemo huo. Lakini mwanafunzi anayepewa mbwa peke yake hataambiwa kwamba Seville ya karne ya 16 ilikuwa na maelfu ya watumwa, wengi wao Waafrika, wala kwamba katika Cuba, koloni la Hispania, utumwa haukufutwa hadi 1886. Wala hatajua kwamba Kiingereza nacho kiliwahi kuwa na msemo kama huo huo, wenye mtu mweusi yule yule, kabla ya kumwondoa na kumweka mnyama. Orodha inafanya ionekane kama lugha mbili zilikaa zikachagua mifano tofauti. Zilianzia shamba moja.

Katika "cabeza de turco", kichwa cha Mturuki, maana yake mtu anayebebeshwa lawama za wengine, Mwingereza ana mbuzi wa kafara, neno lililotungwa na William Tyndale alipotafsiri vitabu vya Musa mwaka 1530. Sisi pia tunasema mbuzi wa kafara. Nimeliandika neno hilo mara nyingi kwenye habari za mawaziri wanaofukuzwa kazi. Katika safu ya kushoto kulikuwa na kichwa cha mtu, tena mtu mwenye kabila. Katika safu ya kulia kuna mnyama, na kila mtu amelala usingizi.

Sidai tuache visawe. Tutakwama. Dakika kumi kabla ya gazeti kwenda mitamboni hakuna mhariri atakayeniruhusu kueleza vita vya Flandes ndani ya habari ya mpira. Na kuna mahali ambapo historia imezama kweli, hata Mhispania wa kawaida haifikirii anapoongea, kama sisi tusivyofikiria asili ya kila tunachosema. Mtu anayemnyamazisha mwenzake kwa kusema kuna Wamoro pwani mara nyingi anaogopa tu mama mkwe asisikie.

Lakini anayesoma fasihi si mtu wa dakika kumi. Sisi tumejipa muda. Kwa hiyo katika daftari langu la Kihispania nimechora safu ya tatu. Ya kwanza ni maneno yenyewe, ya pili ni kisawe, na ya tatu nauliza: aliyetajwa humu ni nani, na alilipa nini? Safu hiyo mara nyingi inabaki tupu, na si neno. Kwenye mayai nimeandika mwizi wa kikaango. Kwenye Potosí nimeandika wanaume 13,000 kwa mwaka. Kwenye ile ya pwani nimeandika Kilwa na Mombasa, 1505.

Ukianza yako, usiishie kwenye Kihispania. Fungua pia ukurasa wa Kiswahili. Nasi tuna misemo inayotaja makabila ya watu, watumwa na mabwana zao, na tunaitamka kwa tabasamu lile lile la Mhispania aliyevunja sahani.